Nani Aliyechora Kanga Yako?

Kanga nyingi ambazo bibi zetu walizifungia sandukuni miaka ya 1950 na 1960, zile wanazozitaja hadi leo kwa sauti ya mtu anayemkumbuka mchumba wake wa ujanani, zilichapwa Japani. Zilitoka viwandani Kyoto na Osaka, zikapakiwa melini, zikashushwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kisha zikaingia madukani Kariakoo na kando ya barabara ambayo siku hizo iliitwa Kichwele na leo tunaiita Mtaa wa Uhuru.

Shangazi yangu, mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu, hakukubali nilipomweleza. Kwake Japani ni Toyota, na kabla ya Toyota ni betri za National.

"Kanga ni yetu, mwanangu," aliniambia. "Mjapani ataijulia wapi kanga?"

Sikubishana naye, maana hakuwa amekosea. Kanga ni yetu, na ilichapwa Japani. Yote mawili ni kweli, na tangu nilipoyaweka pamoja kichwani nimeanza kuyatazama upya mambo mengi ninayoyaita ya asili, yakiwemo ya nyumbani kwangu.

Jinsi Mjapani alivyoijua kanga ni habari ya biashara. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za kutoka Ulaya zikiwa bado hazijakatwa, wanaziunga, wanapata nguo pana ya kujifunga. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo: Uingereza, Uholanzi, Uswisi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 Japani ilikuwa imewapiku Waingereza katika soko la nguo za pamba Afrika Mashariki. Waingereza, ndio waliokuwa wakitawala, wangependa sana kumwekea mshindani huyo ushuru wa kumkomesha, lakini mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia kwenye mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, iliwafunga mikono: bidhaa za mataifa yote zilitakiwa kutozwa ushuru ule ule. Vita Kuu ya Pili ikakata njia. Baada ya vita Wajapani wakarudi, na safari hii waliishika kanga barabara.

Kiungo cha yote hayo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa pwani yetu. Maarufu kuliko wote ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887, ambayo kanga zake zinajulikana kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla". Mchoro na jina vilibuniwa huku, vikatumwa kule, na mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili akazipanga herufi moja baada ya nyingine mpaka methali ikakamilika. Kule kiwandani hapakuwa na wa kumwambia kama amepatia au amekosea. Aliyekuwa na uwezo huo alikuwa huku: mwanamke aliyesimama dukani, akaikunjua ile kanga, akaitazama, kisha akairudisha juu ya meza bila kusema kitu. Mzigo ukidoda, barua ilikwenda Japani.

Fikiria yaliyobadilika kwenye vazi hili. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, karne ya 20 yakahamia herufi za Kirumi. Rangi zimebadilika. Mashine zimebadilika. Nchi zinazochapa zimepokezana: Uholanzi, Uingereza, India, Japani, kisha sisi wenyewe baada ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa pale Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hata ua lenyewe, lile umbo tunaloliita korosho, ni mgeni aliyepitia Uajemi na India kabla ya kufika hapa na kupewa jina la tunda la Mtwara na Lindi. Lakini mji unakaa katikati, pindo linauzunguka pande zote nne, jina linakaa chini ya mji, na zinauzwa mbili mbili, doti. Hayo hakuna mwenye kiwanda aliyethubutu kuyagusa. Aliyethubutu aliuza kitambaa, hakuuza kanga.

Nilianza kusoma habari za chapa za mbao za Japani kwa udadisi huo huo: hawa watu waliotuchapia kanga, wao kwao walikuwa wakichapa nini? Lakini kabla sijafika huko, niseme kidogo kuhusu harusi.

Tulipokuwa tunamwoza binti wa kaka yangu, kamati ya sare iliundwa kwenye WhatsApp, kama kamati zote za siku hizi. Wasichana wakarusha picha za kanga, kila mmoja na yake, na watu wakapiga kura kwa vidole gumba na mioyo. Iliyoongoza ilikuwa ya bluu na chungwa, nzuri kweli, mji wake umejaa majani. Shangazi hasomi maandishi madogo ya simu, akatuma sauti: "Someni jina." Kimya. Mmoja akalisoma. Lilikuwa jina la kumsema mtu mwenye wivu.

Sauti ya pili ya shangazi ilikuwa fupi. "Wajukuu zangu, mnataka tuwatukane wakwe siku ya kwanza?"

Basi tukaenda wenyewe Mtaa wa Uhuru, shangazi, mimi na wawili kati ya hao wasichana. Muuzaji alizirusha doti juu ya meza moja baada ya nyingine, anaziacha zijikunjue zenyewe hewani, na kila moja anaitangaza. "Hii mzigo mpya, mama. Hii imeingia juzi." Shangazi hakuwa na haraka. Alisoma jina kwanza, kwa sauti, kama anayesoma hukumu. Kisha alichukua pembe ya nguo akaifikicha ili kuona ni kiasi gani cha uzito ule ni pamba na kiasi gani ni dondo litakalotoka kwenye fuo la kwanza. Akalowanisha kidole akasugua sehemu nyekundu, akakitazama kidole. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

Hapo ndipo nami nilipoiona. Kwenye ua mojawapo la pindo, nyekundu ilikuwa imeruka mstari mweusi. Upande wa kushoto wa ua palibaki ufito mweupe mwembamba, kama unene wa uzi wa kushonea. Upande wa kulia nyekundu ilikuwa imepanda juu ya nyeusi na kufanya mdomo wa rangi ya damu ya mzee. Nikifuatilia ua baada ya ua, kasoro ilikuwa ile ile kuanzia mwanzo wa doti mpaka mwisho.

"Hii imehama," alisema shangazi.

"Mama, ukishajifunga nani ataona?"

"Mimi."

Muuzaji akacheka, akaikunja, akatoa nyingine. Hakukasirika. Nadhani alikuwa anaijua kasoro ile tangu alipofungua robota. Alitaka tu kujua kama mbele yake amesimama mtu anayejua.

Rangi kuhama ni tatizo la kila anayechapa rangi zaidi ya moja, awe Kyoto au Mbagala. Wajapani walilitatua kwa ujanja ambao mtu akiusoma anatamani kupiga makofi. Kufikia mwaka 1765, Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, ulikuwa umeanza kutoa chapa za rangi nyingi, na jina la msanii Suzuki Harunobu ndilo linalotajwa kwanza katika habari hizo. Kila rangi ilikuwa na ubao wake, mti wa jamii ya mcheri, mgumu na wenye nyuzi zilizobana. Kwenye kila ubao mchongaji aliacha vialama viwili: kimoja cha pembe, kimoja cha mstari mfupi. Karatasi iliegeshwa kwenye alama hizo hizo kila ilipohama kutoka ubao mmoja kwenda mwingine, ikasuguliwa kwa mgongo na kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Mbao kumi, alama zile zile mbili. Hakuna mashine, hakuna umeme, na nyekundu haivuki mstari mweusi.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji aliibandika karatasi juu ya ubao na kuichonga, maana yake mchoro wa awali ulikufa pale pale chini ya patasi. Mchapaji alichanganya rangi na kuzisukuma. Na juu yao alikuwa mchapishaji, mwenye mtaji, aliyejua watu wa mjini wanataka nini msimu huu: waigizaji, wanawake warembo, mandhari za safari. Bei ilikuwa ya kawaida sana, kitu ambacho kibarua wa Edo aliweza kukinunua. Ukiniuliza, hiyo ni kanga kabisa. Mwenye mtaji yupo, mchoraji yupo, mchapaji yupo, na mteja ni mama wa mtaani mwenye macho makali.

Halafu kuna habari ya bluu. Kama kuna picha moja ya Kijapani ambayo hata mtu asiyejali sanaa amewahi kuiona, kwenye fulana au kikombe au ganda la simu pale Mtaa wa Kongo, ni lile wimbi kubwa linalotaka kumeza mitumbwi huku Mlima Fuji ukionekana mdogo kwa mbali. Katsushika Hokusai aliichora miaka ya mwanzo ya 1830, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Dunia nzima inaiona kuwa ndiyo Japani yenyewe. Lakini bluu ile si ya Japani. Ni rangi ya kiwandani iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikafika Japani kwa meli za wafanyabiashara, na ilipoanza kushuka bei wachapaji wa Edo waliivamia kwa sababu haikupauka kama bluu zao za majani na ilitoa kina ambacho hawakuwa wamewahi kukipata. Na namna ile ya kuufanya mlima uwe mdogo kwa mbali, Hokusai alijifunza kutokana na picha za Ulaya. Cha Kijapani hapo ni ubao, karatasi, mkono wa mchongaji na jicho la mzee. Vilitosha.

Nilipoyajua hayo ndipo nilipomwelewa shangazi vizuri zaidi. Alikuwa sahihi aliposema Mjapani hawezi kuijua kanga, na angekuwa sahihi vile vile kama angekuwa mwanamke wa Edo anayesema Mjerumani hawezi kulijua wimbi. Rangi ilitoka mbali. Waliojua iwekwe wapi walikuwa wa nyumbani.

Nyuma ya maduka ya Kariakoo, ndani ya majengo ambayo chini ni viatu na juu ni vitenge, kuna vyumba vya vijana wanaochapa fulana. Uchaguzi ukikaribia hawalali. Mmoja aliniruhusu nikae nitazame. Fremu ya mbao imevutiwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, kimepakwa dawa gizani. Mchoro umechapwa mweusi kwenye karatasi angavu, unalazwa juu ya kitambaa, fremu inatolewa nje juani. Jua la saa sita la Dar halihitaji taa. Sehemu zilizopigwa na jua zinakauka na kuziba. Zile zilizofunikwa na weusi zinabaki laini, zinaoshwa kwa maji, na matundu yanabaki na umbo la mchoro. Kisha ni wino na ubao wenye raba. Mvuto mmoja. Fulana inakwenda kwenye kamba. Kwa rangi ya pili kijana ana misumari miwili kwenye meza, pembe ya fremu inagota pale kila mara. Hajawahi kusikia habari za Edo. Alama mbili zile zile.

Na skrini yenyewe ina ukoo. Wajapani walikuwa na sanaa ya kuchapa nguo kwa karatasi iliyokatwa matundu. Tabaka za karatasi ya gome la mforosadi ziligundishwa kwa maji makali ya tunda linaloitwa persimoni, zikawa ngumu na zisizoloa, kisha fundi alizikata michoro midogo mpaka macho yanauma. Vipande vilivyobaki vikielea bila pa kujishikiza viliunganishwa kwa nyuzi nyembamba za hariri. Karatasi hizo zilimwagika Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na wengi walioandika historia ya uchapaji wanaziona kuwa mama wa skrini ya hariri, ambayo Samuel Simon wa Manchester aliisajili kama uvumbuzi mwaka 1907. Manchester hiyo hiyo iliyowahi kutuletea nguo. Kwa hiyo kijana wangu wa fulana, kwa njia ndefu iliyopinda, ameshika kifaa kilichoanzia kwa watu wale wale waliowachapia bibi zake kanga, na wala hana deni nao. Kazi yake ni safi. Nilimuuliza amejifunzia wapi. "Hapa hapa mama, kwa kaka." Kaka naye alijifunzia kwa mwingine.

Nimesema mambo ya nyumbani, nisiyakwepe. Nyumba niliyozaliwa ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida ya Kariakoo: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, baraza mbele. Haipo tena. Ukoo ulikubaliana na mwekezaji, likapanda ghorofa, na sisi warithi tukapewa sehemu zetu humo ndani. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita pale na donge kooni. Niliona tumeuza kitu kisichouzika.

Jioni moja ya Ramadhani nilipanda ngazi nikakuta mkeka umetandikwa kwenye kituo cha ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Juu yake palikuwa na uji, tambi, maharage ya nazi na chupa ya chai, na watu wa milango minne wamekaa. Aliyeanzisha desturi ile hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mpangaji, mama wa kutoka Njombe, Mkristo, ambaye hajawahi kuliona lile baraza. Alisema tu aliona watu wanafuturu kila mmoja na mlango wake amefunga, akaona si sawa. Wenye nyumba wa asili tulikuwa tumejifungia ndani tunaomboleza ukuta, na mgeni ndiye aliyelifufua baraza bila kujua kwamba analifufua.

Tangu siku hiyo nimepunguza kusema "zamani sisi". Ninauliza kwanza: ni kipi hasa tulichokuwa nacho zamani, na ni kipi kilichokuwa udongo na boriti tu?

Japani nao waligawanyika juu ya swali hilo, na vikali. Mwanzoni mwa karne ya 20 chapa za mbao zilikuwa zinakufa. Kamera na mashine za kisasa zilikuwa zimechukua kazi. Watu wa aina mbili wakajitokeza. Upande mmoja alikuwa Yamamoto Kanae, ambaye mwaka 1904 alitoa picha ya mvuvi aliyoichora, akaichonga na kuichapa mwenyewe. Yeye na wenzake walisema msanii wa kweli hawezi kumwachia mtu mwingine patasi. Walikuwa wameiva na mawazo ya Ulaya juu ya msanii mmoja na roho yake. Kutoka njia hiyo alikuja Munakata Shiko, mtu asiyeona mbali, aliyechonga uso ukikaribia kugusa ubao, na ambaye mwaka 1956 alishinda tuzo kuu ya uchapaji kwenye maonyesho makubwa ya Venice.

Upande wa pili alikuwa mchapishaji, Watanabe Shozaburo. Yeye alirudisha utaratibu wa zamani kama ulivyo, mchoraji, mchongaji, mchapaji, kila mtu na kiti chake, lakini akawapa kazi wachoraji waliojua mwanga na kivuli kwa mtindo wa Ulaya. Kawase Hasui ndiye aliyemtoa: theluji juu ya hekalu, mvua ya usiku na taa moja dirishani. Chapa moja ya namna hiyo ingeweza kupita kwenye mbao mara 30 na zaidi. Tetemeko la mwaka 1923 lilipoleta moto Tokyo, Watanabe alipoteza mbao zake na shehena yake. Alianza upya, na Hasui akaendelea kuchora mpaka alipofariki mwaka 1957.

Ninakiri moyo wangu uko kwa Watanabe. Najua vitabu vya sanaa vinampenda zaidi yule wa kufanya yote mwenyewe, na Munakata ni jabali kweli. Lakini mimi ni mtu wa Kariakoo. Nililelewa na kazi ambayo haimaliziki bila mtu wa pili. Soko letu kuu, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, na kila aliyekuwa na biashara pale anajua kilichobaki siku iliyofuata: nani anamdai nani, nani anamwamini nani, nani ana namba ya simu ya mwenye mzigo. Mbao za Watanabe ziliteketea, lakini wachongaji walikuwa hai, na wachapaji walikuwa bado wanajua rangi ipi inaanza. Angekuwa ni yule wa kufanya kila kitu peke yake, na yeye ndiye aliyeungua, pasingebaki kitu cha kuanzia.

Sasa turudi kwenye nguo. Wapo wanaosema kanga inakufa kwa sababu ya kompyuta. Sikubali. Mchoro kuchorwa kwenye skrini badala ya karatasi hakumdhuru mtu, kama bluu ya Berlin isivyomdhuru Hokusai. Wala sina ugomvi na wasichana wanaozikata wakashona mashati na magauni, ingawa shangazi akiona mkasi umepita katikati ya jina anageuza uso. Ninachokikataa ni polista. Kanga inabeba mtoto, inafuta jasho, inafunika kichwa jikoni na msibani, inatandikwa, na siku ya mwisho inamstiri maiti wakati wa kuoshwa. Nguo isiyonywa maji haiwezi kazi hizo, hata ikiwa na pindo la dhahabu. Na ninakataa mchoro ulioibwa kutoka kiwanda cha jirani, ukabadilishwa jina na kurudishwa sokoni umehama rangi. Hapo kisasa kimesingiziwa. Ni uvivu, na uvivu ulikuwepo hata enzi za mbao.

Sare ya harusi tuliipata duka la nne. Ilikuwa kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, mmoja wa michoro ya kale kabisa ya kanga, ambao maharusi wa pwani wamevishwa tangu kabla ya bibi yake shangazi. Wasichana waliguna kwanza. Halafu mmoja akajifunga mbele ya kioo cha muuzaji, akapiga picha, akaituma kwenye kundi, na mioyo ikaanza kumiminika. Shangazi aliikagua pindo kwa pindo. Haikuwa imehama.

Nilipofika nyumbani niliikunjua nikasoma maandishi madogo ya ukingoni. Kuna jina la mwenye mali. Kuna kiwanda. Kuna namba. Chapa za Edo zilikuwa na jina la mchoraji na muhuri wa mchapishaji. Mchongaji na mchapaji mara nyingi walisahauliwa, na watu wanaozipenda chapa hizo wanalijutia hilo hadi leo. Sisi tumemsahau hata mchoraji. Zaidi ya miaka mia moja ya kanga, michoro kwa maelfu, na hakuna mtu hapa mjini anayeweza kunitajia wachoraji watatu wa kanga kwa majina yao. Tunamjua Abdulla. Aliyekaa akachora korosho kwa mara ya kwanza ndani ya pindo, awe alikuwa Mvita, Uholanzi au Kyoto, hatumjui, na aliyechora kanga ya mwaka huu, huenda anaishi Temeke, naye hatumjui.

Wenye viwanda, nafasi ipo. Wekeni jina la mchoraji pale ukingoni, kwa herufi ndogo, kando ya namba ya usajili. Halitaongeza hata shilingi moja kwenye bei ya doti. Na wewe msomaji, siku ukienda Mtaa wa Uhuru, ukishasoma jina na kukagua rangi, muulize muuzaji nani aliyeichora. Atakushangaa. Muulize hivyo hivyo, na mwezi ujao umuulize tena. Mfanyabiashara wa Kariakoo hachelewi kutafuta jibu la swali linaloulizwa na mtu mwenye hela mkononi.